Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne chini ya paa la bati: miezi mitatu ya kurekodi nyumbani Moshi

Chumba ninachorekodia muziki ni chumba cha uani, Pasua, mjini Moshi. Kimejengwa kwa matofali ya saruji, kimeezekwa kwa bati, hakina dari, na ukuta wake mmoja unapakana na banda la kuku la jirani. Nalieleza hilo mwanzoni kwa sababu maoni yangu kuhusu kadi ya sauti ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, ambayo nimeitumia kwa miezi mitatu sasa, yametokana na chumba hicho, na msomaji mwenye chumba kilichotulia huenda akaona kwamba jambo ninalolisifia zaidi halimhusu sana.

Kwa asiyeizoea, kadi ya sauti ya aina hii ni kisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Hupokea sauti kutoka kwenye maikrofoni au gita, huikuza, huigeuza kuwa tarakimu ambazo programu ya kurekodia inaweza kuzihifadhi, kisha huirudisha kwenye hedifoni na spika. Kompyuta yoyote ina kadi yake ndogo ndani, lakini ile imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo na video, na anayeimba akiisikiliza hupata sauti yake imechelewa kiasi cha kumtoa kwenye mdundo. Mimi ni mwalimu wa kwaya, napiga kinanda na gita kidogo, na kazi yangu kubwa ni kurekodi sauti za mfano ili waimbaji wajifunzie nyumbani: soprano peke yake, alto peke yake, tena, besi, kisha zote pamoja. Kwa hiyo narekodi sauti za watu kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kadi hii nilikuwa na nyingine ya bei nafuu pamoja na maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Niliinunua kwa sababu kila video niliyoitazama iliisifia, nayo ilifanya kazi yake kwa uaminifu mno: ilinasa mwimbaji, ikanasa jogoo, ikanasa bodaboda iliyokuwa ikipanda barabara ya mtaa wa pili, na ikanasa mwangwi wa bati na saruji uliofanya chumba kidogo kisikike kama tangi tupu. Nilihamia maikrofoni ya dainamiki, aina isiyohitaji umeme huo, Shure SM58, ambayo inatengenezwa tangu mwaka 1966 na ambayo wengi tunaijua kutoka majukwaani na makanisani. Si kweli kwamba maikrofoni ya dainamiki haisikii kuku. Inachofanya ni kustahimili kusogelewa mdomo bila kulalamika, na huko kusogea ndiko kunakosaidia. Mwimbaji akitoka umbali wa sentimita 40 akaja sentimita 5, sauti yake inaongezeka kwa desibeli 18 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku jogoo akibaki palepale alipokuwa.

Tatizo ni kwamba maikrofoni hiyo hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu kwa sauti ya kuimba ya kawaida, na kwa mwimbaji wa alto anayeanza wimbo kwa upole hutoa kidogo zaidi ya hapo. Kwenye kadi yangu ya zamani nilizungusha kitufe cha kukuza hadi mwisho na bado mawimbi kwenye skrini yalikuwa kama uzi. Nilipoyakuza ndani ya programu, mfoko mwembamba wa "shhh" ulipanda pamoja nayo. Nilikwama hapo kwa karibu mwaka mzima, nikirekodi usiku wa manane kwa kondensa, jambo ambalo wanakwaya wenye watoto na kazi za asubuhi hawakulifurahia hata kidogo.

Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2023, ina vikuza sauti vinavyofika desibeli 69. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni kuukuza umeme wa maikrofoni mara 2,800 hivi, wakati kizazi cha tatu kiliishia desibeli 56, yaani mara 630 tu. Tarakimu za boksini mara nyingi ni za kumvutia mnunuzi, lakini hii niliisikia siku ya kwanza. Niliweka SM58 kwenye stendi, nikasema maneno machache kwa sauti ya kawaida, nikafika robo tatu ya mzunguko wa kitufe, na mawimbi yakasimama mahali pake bila ule mfoko. Nilinyamaza, nikaongeza sauti ya hedifoni, nikasikiliza ukimya: nilichokisikia kilikuwa feni ya kompyuta na, kwa mbali, kuku wakijikuna. Sijawahi kufurahi namna hiyo kusikia kuku.

Kuipata kulikuwa na mkasa wake. Bei yake Marekani ilipotoka ilikuwa dola 199.99; mimi nimelipa shilingi 690,000 pamoja na nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam. Duka la kwanza nililoagiza lilitangaza kizazi cha nne kwa picha nzuri, likapokea pesa, na kifurushi kilipofika stendi na kufunguliwa kikawa na kizazi cha tatu. Muuzaji alisisitiza kwa simu kwamba "ni kitu kilekile, kaka, rangi nyekundu ileile". Si kitu kilekile, na kutofautisha hakuhitaji utaalamu: kwenye kizazi cha tatu maikrofoni huchomekwa mbele, kwenye matundu makubwa mawili, ilhali kwenye kizazi cha nne matundu ya maikrofoni yapo nyuma na mbele yamebaki ya gita na ala nyingine. Zilinichukua wiki mbili kurudishiwa fedha, na kadi sahihi niliinunua kwingine. Anayeagiza kwa mbali na aombe picha ya upande wa nyuma kabla hajatuma chochote.

Kuiwasha hakukuwa kugumu, ingawa kulikula bando. Kwenye kompyuta za Apple inafanya kazi bila kuwekewa kitu, lakini kwenye Windows lazima upakue draiva ya ASIO, mfumo ambao kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 1997 ili programu za muziki zizungumze na kadi moja kwa moja bila kupitia njia ndefu ya Windows yenyewe. Ndani ya boksi unapewa pia haki ya kupakua programu kadhaa, ikiwemo Ableton Live Lite. Niliipakua nikaiangalia, kisha nikarudi kwenye Reaper niliyoizoea, ambayo unaijaribu kwa siku 60 na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Mtu anayeanza kabisa atosheke na ile Live Lite ya ndani ya boksi kwanza.

Jambo la umeme linahitaji uangalifu. Kadi hii haina chaja. Hula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB. Matundu ya zamani ya USB 2.0 yamewekewa kiwango cha miliampia 500, na hizo haziitoshi. Nilipoichomeka kwenye tundu la upande wa kulia wa kompyuta yangu, ambalo ni la zamani, ilisitasita. Nilipoihamishia tundu la bluu la upande wa kushoto, ilitulia. Mwenye kompyuta isiyo na tundu lenye nguvu hajakwama, kwani nyuma ya kadi kuna tundu la pili la aina ya C linalopokea volti 5 za nyongeza, na chaja nzuri ya simu au hata pawabenki inatosha. Faida ya mpango huu niliiona jioni ambayo umeme ulikatika katikati ya ubeti wa tatu. Taa ilizimika, spika zikanyamaza, lakini kompyuta ilikuwa na betri, kadi ikaendelea kula kwenye betri hiyo, na mwimbaji aliyekuwa amefumba macho akaumaliza wimbo bila kujua kwamba tuko gizani. Rekodi hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Upande wa kuchelewa kwa sauti unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kadi ni mbovu. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Huijaza kwanza kwenye ndoo ndogo iitwayo bafa, kisha huichota kwa mkupuo. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 hujaa kwa milisekunde 11.6, na ile ya 128 kwa milisekunde 2.9. Sauti inapita bafa ikiingia na nyingine ikitoka, na kadi yenyewe huongeza kidogo juu yake. Kwa kuwa sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, milisekunde tatu ni kama kusimama mita moja kutoka kwenye spika, jambo ambalo hakuna mwanamuziki analolihisi, lakini milisekunde ishirini na kitu ni kama kujisikiliza kutoka ng'ambo ya ukumbi. Kwa kadi ya zamani na draiva ya jumla sikuweza kushuka chini ya 512 bila mikwaruzo. Kwa Scarlett nafanya kazi kwenye 128 nikirekodi, na napandisha hadi 512 ninapochanganya nyimbo zenye programu nyingi za kinanda, kwa maana kompyuta yangu ni ya miaka sita na ina haki ya kupumua.

Kuna pia njia ya mkato: kitufe cha mbele kinachopeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Ni kizuri, ila kina mtego. Siku ya kwanza kukitumia, mama mmoja wa soprano alivaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akasimama akanitazama. "Mwalimu, mbona najisikia mara mbili? Kama kuna mwenzangu ananifuata nyuma." Nilimwambia, "Mama, samahani, kosa ni langu." Nilikuwa nimewasha kitufe hicho bila kuzima usikilizaji ndani ya Reaper, kwa hiyo sauti yake ilimfikia kwa njia mbili, moja papo hapo na nyingine imechelewa. Chagua njia moja. Nilipozima ule wa programu, akaniambia sasa amebaki peke yake, tukaendelea.

Kingine nilichokuja kukithamini ni Auto Gain. Unabonyeza kitufe, mwimbaji anaimba kwa sekunde kumi, na kadi inapanga yenyewe kiwango cha kukuza. Mwanzoni niliidharau kama kitu cha wasiojua kazi. Lakini ninaporekodi mimi mwenyewe, nikiwa na gita mapajani na mdomo kwenye maikrofoni, mkono wa tatu sina, na kadi inanipangia vizuri kuliko nilivyokuwa nikijipangia kwa kukurupuka kati ya kiti na meza. Sharti ni kuimba zile sekunde kumi kwa nguvu utakayoimba kweli. Waimbaji wetu wengi hujaribu kwa aibu, kisha ubeti ukifika penye haleluya wanafunguka kama wako mlimani. Kwa hao nilikuwa nawasha Clip Safe, inayoshusha kiwango pale sauti inapokaribia kupasuka. Inaokoa rekodi, ila mtumiaji ajue kwamba ikishashusha haipandishi tena, kwa hiyo mstari unaofuata huwa chini kidogo na lazima uusawazishe baadaye. Siku hizi nakishusha kiwango desibeli chache chini ya pale Auto Gain ilipokipanga, na nimeachana na Clip Safe kabisa. Rekodi ya biti 24, yaani yenye hatua nyingi sana za kupima ukubwa wa sauti, ina nafasi kubwa mno upande wa chini. Hakuna sababu ya kukimbilia taa nyekundu inayoonya kwamba sauti inapasuka.

Kuhusu Air, sina shauku wanayoionyesha wengine. Ni kitufe kinachonyanyua masafa ya juu, na hatua yake ya pili huongeza ukali wa kati kidogo, kwa kuiga kikuza sauti cha zamani cha kampuni hiyo kiitwacho ISA, ambacho Rupert Neve, aliyeianzisha Focusrite Uingereza mwaka 1985, alikibuni kwa ajili ya studio za AIR za George Martin, mtayarishaji wa muziki wa The Beatles. Historia ni nzuri. Kwenye gita la nyuzi za chuma nimependa matokeo yake. Kwenye sauti za Kiswahili, hapana: lugha yetu imejaa "s" na "sh", na neno kama "msisitize" au "Masiya" likipita kwenye Air chini ya bati linatoka kama mtu anayepuliza moto wa mkaa. Nimeizima, na badala yake nimepunguza besi ndani ya programu, maana SM58 ikisogelewa huvimbisha sauti za chini. Sifongo ya kuvika maikrofoni nayo ni lazima, la sivyo kila "Petro" na "pokea" hupiga kama mlango.

Mvumo ulinisumbua wiki ya kwanza, na nusura niirudishe kadi. Kila nilipochomeka gita la umeme, mlio mzito wa "mmmm" ulijaa kwenye hedifoni, ukapungua nikigusa nyuzi. Nilichomoa chaja ya kompyuta, ukatoweka. Huo ni umeme wa ukutani, wenye mzunguko wa hezi 50, unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na soketi ya chumba changu haikuwa na waya wa ethi. Fundi umeme aliuunganisha kwa asubuhi moja, mvumo ukaisha karibu wote. Spika nazo niliziunganisha kwa waya wa nguzo tatu badala ya ule wa kawaida wa gita, kwa sababu matundu ya kutolea sauti nyuma ya kadi yameandaliwa kwa waya wa namna hiyo, ambao hufuta kelele njiani.

Mapungufu yapo. Haina tundu la duara la MIDI, linalopokea ishara za noti kutoka kwenye kinanda, na kinanda changu cha zamani hakina USB, kwa hiyo nililazimika kununua waya wa kubadilisha. Aliye na hali hiyo aangalie kaka yake mkubwa, 4i4, ambaye analo. Tundu la hedifoni ni moja, na sisi huwa wawili, mwimbaji na mimi, hivyo nimenunua kigawanyio. Maikrofoni ni mbili tu kwa wakati mmoja: kwaya nzima huwezi kuirekodi kila sauti na maikrofoni yake, ingawa kwa kazi yangu ya sauti mojamoja hilo halinizuii. Uwezo wa kurekodi sampuli 192,000 kwa sekunde niliujaribu mara moja, nikaona dakika moja ya sauti ya upande mmoja inakula karibu megabaiti 35 badala ya 8, sikusikia tofauti yoyote, nikarudi 44,100. Na mvua ya masika ikishuka juu ya bati, hakuna desibeli zitakazokusaidia. Tunafunga kompyuta tunakunywa chai.

Swali ambalo wenzangu huniuliza ni kama Scarlett Solo, ambayo zilipotoka ilikuwa nafuu kwa takriban dola 60, isingetosha. Kwa anayetumia kondensa katika chumba tulivu inatosha kabisa. Lakini Solo huishia desibeli 57 na haina Auto Gain, na kwa maikrofoni ya dainamiki desibeli hizo zinazopungua ndizo nilizokuwa nazitafuta. Ningekuwa na shilingi 500,000 tu, ningenunua kadi ya bei ya chini kabisa, na fedha inayobaki ningeipeleka soko la Memorial kununua mablanketi mazito ya mtumba ya kutundika ukutani, kama nilivyofanya. Mablanketi manne yaliondoa ule mwangwi wa tangi kuliko kifaa chochote, na yaligharimu chini ya waya mmoja mzuri wa maikrofoni.

Kadi ya zamani pamoja na kondensa yake nimempa kijana wa tena anayeishi Rau, kwenye nyumba yenye dari na bustani pande zote. Alinitumia rekodi yake ya kwanza wiki iliyopita, na nimeisikiliza mara mbili nikitafuta jogoo, sikumpata.